Msimu wa kusi una upepo mwingi, mbona ndipo mwanangu anapobanwa kifua? Tuijadili hewa ya Dar kwa majira yake

#1 Baba wa Segerea (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo.

Nina binti wa miaka tisa, ana pumu. Tunaishi Segerea, upande ule unaoteremkia Mto Msimbazi. Tangu aanze darasa la kwanza nina daftari ninaloandika kila anapobanwa: tarehe, saa, kama mvua ilinyesha, na jirani gani alikuwa anachoma nini. Nilianza ili nikifika kwa daktari nisiumeume maneno. Mwezi uliopita nimelipitia lote toka mwanzo nikakuta siku mbaya zimejikusanya Juni, Julai na Agosti, karibu zote kati ya saa tisa usiku na saa mbili asubuhi. Januari na Februari, joto linapotuchemsha na vumbi la mtaa limepanda hadi kwenye mapazia, mtoto analala mpaka kunakucha.

Hapo ndipo niliposhindwa kuelewa. Juni hadi Agosti ni msimu wa kusi. Boti za Zanzibar zinarushwa, minazi ya Kigamboni inainama, nguo ukizianika bila vibanio unaziokota kwa jirani. Upepo wa namna hiyo si ulipaswa kuufagia moshi wote?

Aliyenifungua macho ni baba yangu mkubwa, amevua Kunduchi maisha yake yote. Nilimweleza, akaniuliza swali moja tu: "Kusi inavuma saa ngapi?" Nikakaa kimya. Akasema alfajiri ngalawa hazitoki kwa kusi, zinatoka kwa umande, ule upepo mwembamba wa kutoka bara unaokisukuma chombo taratibu kwenda nje. Upepo wa bahari huamka baadaye, jua likishapanda, na ndio unaowarudisha pwani mchana. "Wewe unahesabu upepo wa mchana," akaniambia, "na mtoto anaumwa usiku."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata. Nilivyoelewa ni hivi.

Ardhi hupoa upesi, bahari hupoa polepole. Usiku wa Julai Dar hushuka hadi nyuzi 18 au 19, na wakati huo maji ya bahari bado yana kama nyuzi 25. Hewa iliyogusana na ardhi inakuwa baridi na nzito. Inatambaa chini kwa chini kutoka vilima vya Pugu na kufuata mabonde kama maji yafanyavyo, na Bonde la Msimbazi ndilo mfereji wake mkubwa: linaanzia huko juu Pugu na Kisarawe, linapita kwetu, Tabata, Vingunguti, Kigogo, Jangwani, na kumwaga baharini pale Selander. Juu ya hewa hiyo baridi hubaki tabaka la hewa yenye joto kidogo, nalo hukaa kama mfuniko juu ya sufuria. Moshi ukipanda unakutana na mfuniko, unasambaa chini yake na kubaki mle mle. Kipupwe kinazidisha jambo hili kwa sababu usiku wake mara nyingi hauna mawingu, na ardhi isiyofunikwa na mawingu hupoteza joto lake haraka.

Januari ni kinyume. Usiku haushuki sana chini ya nyuzi 25, bahari iko kama nyuzi 28, anga lina unyevu, ardhi haipoi vya kutosha kutengeneza mfuniko imara. Ndiyo maana tunatoka jasho usiku kucha lakini hewa inazunguka.

Sasa chukua ramani. Kusini-magharibi ya katikati ya jiji kuna dampo kuu la Pugu Kinyamwezi, kuna Gongo la Mboto, kuna Barabara ya Nyerere na malori yake. Umande unatokea upande huohuo. Ongeza majiko ya mkaa yanayoanza kuwashwa saa kumi alfajiri, ongeza taka ambazo watu huzichoma wakishafagia uwanja. Vyote vinamwagwa kwenye hewa isiyo na pa kwenda.

Na mvua imeshakatika. Masika, Machi hadi Mei, huosha hewa na kulowesha ardhi. Juni ikiingia tunabaki wiki hadi wiki bila tone la maana, mpaka vuli, Oktoba au Novemba.

Hoja yangu ni kwamba moshi tunaoutoa Dar ni karibu uleule mwaka mzima. Kinachobadilika ni upepo, mfuniko na mvua. Tukizijua saa na miezi yake, tutajua ni wakati gani hatutakiwi kuongeza hata njiti moja.

Naomba wa Mbagala, Tegeta, Kigamboni, Msasani, na wenzetu wa Tanga na Mombasa waseme: kwenu miezi mibaya ni ipi, na saa zipi?


#2 Mbagala Rangi Tatu

Pole na binti, mkuu. Lakini mimi sikubaliani na wewe kwamba Januari ni nafuu. Njoo Mbagala Februari uone. Barabara za ndani ni mchanga mtupu, bajaji ikipita mbele ya mlango unafunga macho. Kaskazi ikishika mchana ule mchanga wote uko chumbani. Mke wangu macho yanamwasha mpaka mvua za kwanza za Machi. Kwetu kipupwe ndiyo tunapumua.


#3 Baba wa Segerea

Mkuu, sikatai, na umenionyesha pengo kwenye maelezo yangu. Nadhani tunaongelea vitu viwili. Vumbi la barabara ni chembe kubwa kubwa: linawasha macho, linakaa puani, unakohoa linatoka, upepo ukitulia linaanguka. Moshi wa mkaa, wa nailoni na wa dizeli ni chembe ndogo sana. Zile zinazopimwa zaidi, za mikroni 2.5 kushuka chini, ni nyembamba mara ishirini na zaidi kuliko unywele, na hizo zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Vumbi linapenda upepo. Moshi unapenda utulivu. Kwa hiyo upepo uleule wa kaskazi unaokutesa wewe mchana unamsaidia mwanangu.

Na wewe uko mwinuko wa mchanga, mimi niko bondeni. Sikulifikiria hilo nilipoandika.


#4 Fundi Vipimo

Uzi mzuri. Nafanya kazi na vifaa vya kupima hewa, naomba niongeze mambo mawili, maana watu wengi siku hizi wanaangalia namba kwenye simu wanaogopa au wanajipa moyo bila sababu.

La kwanza. Vifaa vingi vya bei nafuu vinamulika hewa kwa mwanga wa leza na kuhesabu chembe kwa jinsi zinavyoutawanya ule mwanga. Unyevu ukiwa mkubwa, chembe hunyonya maji na kuvimba, na kifaa kinadhani moshi umeongezeka. Alfajiri za Dar unyevu huwa juu sana. Kwa hiyo ukiona namba imeruka saa kumi na moja alfajiri, sehemu ya hiyo namba ni maji. Hali kadhalika pale ufukweni, kusi ikipiga kwa nguvu mchana, mawimbi yanavunjika na kurusha chumvi hewani. Kifaa kilichopo karibu na bahari kitaihesabu chumvi ile kama uchafu. Chumvi ya bahari na masizi ya nailoni si kitu kimoja kwa mapafu.

Hata ukitoa unyevu, alfajiri ya kipupwe inabaki kuwa mbaya. Mleta uzi hajakosea. Linganisha siku mbili zenye unyevu sawa, moja ya Aprili baada ya mvua na moja ya Julai, utaiona tofauti.

La pili ni viwango. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake cha chembe hizo ndogo: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo, na wa saa 24 usizidi 15. Kabla ya hapo, tangu 2005, ilikuwa 10 na 25. Angalieni wastani. Namba ya dakika kumi haikwambii kitu kuhusu afya ya mwaka mzima. Sisi Tanzania tuna kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kanuni bila vituo vya kutosha vya kupimia ni kama mzani usio na mawe.

Na kuhusu mvua: inaosha vizuri zaidi chembe kubwa. Zile ndogo kabisa zinapenya kati ya matone. Manyunyu ya dakika tano yanatuliza vumbi la Mbagala, moshi wa bondeni unahitaji mvua ya kweli.


#5 Mzee wa Tabata

Wanangu, nimesoma kimya kimya mpaka nimefika kwenye hilo dampo. Mnajua kwamba sisi wa Tabata tuliwahi kuipigania hewa hii mahakamani?

Dampo la jiji lilikuwa kwetu. Moshi usiku na mchana, harufu, nzi. Mwaka 1988 wakazi walifungua kesi Mahakama Kuu dhidi ya Halmashauri ya Jiji. Ni kesi ya Joseph Kessy na wenzake, wanafunzi wa sheria wanaisoma hadi leo. Mahakama iliamuru utupaji ukome. Jiji likawa linarudi kuomba muda, na Jaji Lugakingira akakataa kuongeza, akaegemea Ibara ya 14 ya Katiba: kila mtu ana haki ya kuishi. Kuwalaza watu kwenye moshi ni kuigusa haki hiyo.

Tulishangilia. Lakini nisikilizeni sasa maana umri umenionyesha. Dampo likaenda Vingunguti, bonde lilelile, hatua chache kutoka kwetu. Kutoka Vingunguti likaenda Mtoni. Kutoka Mtoni likaenda Pugu Kinyamwezi, ambako kijana wetu hapa anasema ndiko upepo wa usiku unakotokea. Mchana ukipita Tabata leo huwezi kujua. Usiku wa Julai naamka kwa harufu ambayo pua yangu inaijua tangu ujana. Tulilisogeza, hatukulizima.

Wakati ule jiji lilikuwa dogo. Sensa ya 2022 imetuhesabu 5,383,728. Taka za watu wote hao zinakwenda kupumzika juu ya upepo.


#6 Dada wa Msasani

Shikamoo mzee. Umenigusa.

Mimi naishi Msasani, rasi, bahari karibu pande zote. Kaskazi ikija inatoka majini, kusi ikija inatoka majini, na najua hiyo ni bahati ambayo sikuifanyia kazi. Lakini kuna kitu kimenitatiza muda mrefu na pengine hapa nitapata jibu. Miezi hii ya baridi, kama saa nne au saa tano asubuhi, upepo wa bahari unapoanza tu kuvuma, nasikia harufu ya kuchomwa taka. Upepo unatoka baharini! Nimesimama ufukweni nimetazama, hakuna anayechoma, mbele yangu ni maji na visiwa vya Bongoyo na Mbudya. Baada ya nusu saa hivi harufu inaondoka. Inatoka wapi?


#7 Kijana wa Feri

Dada, hiyo sisi wa majini tunaiona kwa macho. Ukitoka na umande saa kumi na moja, ukiwa nje ukageuka nyuma, utaona utando wa kijivu umetoka mjini umelala juu ya bahari, chini kabisa, kama shuka. Jua likipanda upepo wa bara unakufa, bahari inakuwa shwari kabisa, ule utando unabaki palepale juu ya maji. Halafu upepo wa bahari unaamka nao unausukuma kurudi. Ninyi wa ufukweni mnapokea moshi wa Tabata uliolala baharini. Ukishapita, nyuma yake inakuja hewa safi ya bahari kuu na siku nzima inakuwa nzuri.


#8 Baba wa Segerea

Kijana wa Feri, hili sikulijua na limenifanya nisimame. Nilidhani umande unaenda kuutupa moshi baharini na habari zake zinaishia hapo. Kumbe unaenda na kurudi kama maji kupwa na kujaa. Na ndiyo maana kwenye daftari nina siku chache ambazo mtoto alipata nafuu asubuhi akabanwa tena kama saa tano akiwa shuleni. Nilikuwa naziandika "sababu haijulikani".


#9 Mkurasini

Msisahau bandari. Meli zinazochoma mafuta mazito ziko kusini mwa katikati ya jiji, na kusi ya mchana inausukuma moshi wake kuelekea Ilala na Kariakoo. Ila tuseme haki: tangu 1 Januari 2020 meli duniani zinatakiwa kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.5, zamani ilikuwa 3.5. Sisi tunaoishi karibu nazo tunalipa uzito jambo hilo. Mchana ndio unaotuhusu, usiku tunashirikiana nanyi wa bondeni.


#10 Mvita

Salamu kutoka Mombasa ndugu zetu. Huku ni mambo yaleyale ila umbo la ardhi ni jingine. Sisi tuko kisiwani, mkono wa Tudor huku, Kilindini kule, na viwanda vingi viko Changamwe, bara, upande wa magharibi. Kusi ikivuma mchana yapeleka moshi wa Changamwe mbali nasi, kuwashukia watu wa Jomvu na Mikindani. Usiku upepo wa bara waurudisha kisiwani. Enzi za jaa la Kibarani, pale pale njia ya kuingilia kisiwani, alfajiri ya Julai ungepita Makupa ukifunga pua. Lilipofungwa watu waliona tofauti, hata ambaye hajui upepo ni nini.

Nasi wazee wetu wana neno kwa zile wiki ambazo kusi imekwisha na kaskazi haijaja, au kinyume chake: tanga mbili, au maleleji. Upepo hauna mwenyewe, mara huku mara kule, mara hakuna kabisa. Mleta uzi, tazama daftari lako mwezi wa Machi mwisho na Novemba. Naamini utapata siku mbaya zilizotawanyika humo, ila hazifuati saa.


#11 Baba wa Segerea

Mvita, nimekwenda kulifungua daftari kabla ya kukujibu. Ni kweli. Machi si sana, mvua zinawahi. Novemba zipo, na ni za mchana, kitu ambacho miezi mingine ni nadra. Asante sana.


#12 Mama Lishe Buguruni

Nimesoma yote, na naona wengi mnatusema sisi wa mkaa bila kututaja. Mimi nawasha jiko saa kumi na nusu alfajiri. Mafundi na makuli wanataka chai na supu kabla ya saa kumi na mbili. Nikisubiri upepo wa bahari nitauza kwa nani? Na gesi msinielezee, naijua. Mkaa nanunua kwa kopo kulingana na mfuko wa siku hiyo. Mtungi, hata ule wa kilo 6, unataka hela yote kwa mkupuo, na ukiisha katikati ya supu hakuna kopo la gesi la kukimbilia dukani.

Mimi pia nakohoa. Tangu Juni hadi Septemba kifua hakitulii. Nilijua ni baridi. Kwa hiyo badala ya kuniambia niache, niambieni nifanye nini kesho saa kumi na nusu.


#13 Baba wa Segerea

Dada, una haki, na nakuomba radhi kama nilivyoandika kulionekana kukubebesha wewe lawama. Mke wangu naye anapika kwa mkaa siku ambazo mtungi umeisha.

Serikali imeshaweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipewa hadi Januari 2024 kuachana na kuni na mkaa. Wewe unalisha watu wengi kila siku ila si taasisi, umebaki katikati. Natamani mipango hiyo ianzie kwa watu kama wewe, wanaowasha jiko wakati mfuniko umekaza na bondeni kabisa, maana jiko moja lako likibadilika linapunguza kuliko majiko kadhaa ya nyumbani yanayowashwa saa sita mchana.

Kuhusu kesho. Moshi mwingi wa jiko la mkaa unatoka dakika za mwanzo, unapowashia. Usiwashie nailoni wala kipande cha tairi, hapo ndipo sumu mbaya kabisa inapotoka. Tumia vijiti vikavu au makumbi ya nazi, na mkaa uwe umeanikwa, usiwe umelala kwenye unyevu. Washia nje, mahali palipo wazi, wewe ukiwa upande unakotokea upepo, na saa hizo unatokea upande wa Pugu, kwa hiyo mgongo wako uwe huko. Jiko likishakuwa makaa mekundu ndipo ulisogeze kibandani. Lakini hata makaa mekundu yana hewa yenye sumu isiyo na harufu, usijifungie nayo.


#14 Fundi Vipimo

Naongeza: bomba fupi la bati ukilisimamisha juu ya jiko wakati wa kuwasha linavuta hewa na moto unashika upesi. Dakika chache za moshi badala ya nyingi.


#15 Mbagala Rangi Tatu

Mleta uzi, mtoto shuleni vipi? Maana mashule yote saa kumi na mbili na nusu wanafunzi wako uwanjani wanafagia.


#16 Baba wa Segerea

Mkuu, umegusa penyewe. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote: mfuniko bado uko, umande bado unatambaa, na watoto mia kadhaa wanafagia mchanga mkavu, halafu majani yanakusanywa na kuchomwa wakiwa wamesimama mstarini wanaimba. Kwa mwaka mzima nilikuwa naomba binti yangu aondolewe kwenye zamu ya kufagia. Aliondolewa, akawa anasimama pembeni anavuta moshi uleule.

Jumatatu nilikwenda na daftari, nikiwa nimenakili na maneno yenu ya humu kuhusu umande na utando wa baharini. Mwalimu mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Anatokea Pangani, umande nilipoutaja aliumalizia mwenyewe. Tumekubaliana kufagia kuhamie saa tisa alasiri kabla ya kutawanyika, upepo wa bahari ukiwa umeshika, wanyunyize maji kwanza pale penye bomba, na majani yaende kwenye shimo la mbolea nyuma ya madarasa. Ameanza kwa muda, hadi mvua za vuli, kisha ataangalia.


#17 Mama Lishe Buguruni

Makumbi nimepata, ya bure, kwa muuza madafu wa pale kona. Leo nimewasha mgongo wangu ukiwa Pugu kama ulivyosema. Moshi umeniacha, umekwenda kwa fundi baiskeli anayelala kibandani kwake ng'ambo ya njia. Kesho natafuta pa kulisogeza jiko kabla hajaamka.